Mara Nne Nilizochuma Tambuu

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na kazi moja pale kwetu ambayo hakuna mwanamke mzima aliyeruhusiwa kuifanya, nami nilipewa kwa sababu moja tu: sikuwa nimevunja ungo. Nilikuwa mchumaji wa tambuu wa bibi yangu.

Kwetu ni Msambweni, si mjini penyewe bali ndani kidogo, upande wa mashamba. Bibi alikuwa na mtambuu mmoja mkubwa uliopanda juu ya msufi nyuma ya kisima. Majani yake yalikuwa mapana na laini, na katika vijiji vya karibu hapakuwa na harusi wala maulidi ambapo sinia ya uraibu ilipitishwa bila tambuu zake za kutafuna. Popoo walinunua dukani, chokaa na tumbaku vivyo hivyo, lakini tambuu walizifuata kwa bibi, wengine wakitoka mpaka Waa.

Mtambuu, kwa mujibu wa bibi, una roho nyepesi. Hautaki mluzi. Hautaki mkono ulioshika samaki. Na zaidi ya yote haumtaki mwanamke aliye katika siku zake: akiugusa, au hata ukipitiwa na pindo la leso yake, unakauka mpaka mzizi. Ndiyo maana mchumaji alikuwa mtoto. Kila Ijumaa asubuhi nilikata majani kwa ukucha wa kidole gumba, nikayapanga juu ya jani la mgomba na kuyanyunyizia maji. Niliringa kwa kazi ile kuliko nilivyoringa kwa kuwa wa kwanza darasani.

Lakini "siku zake" zilikuwa siku gani? Nilimwuliza mama, aliyekuwa akifanya kazi ya udobi katika hoteli moja Diani na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Akasema, "Bibi yako atakwambia." Bibi akasema, "Una somo wako, hiyo ni kazi yake." Somo wangu, yule mama niliyechaguliwa aje kunifunda nitakapokua, alicheka akanipa kashata. "Siku yako haijafika, Mwanaidi. Ikifika utajua." Shuleni tulikuwa na mwalimu wa sayansi kutoka bara, mtu mpole asiyemwinulia mtoto fimbo. Alipofika ukurasa wenye picha ya mwili wa msichana na wa mvulana, alisema, "Huu mtausoma nyumbani," akafunua wa mbele yake, wa mbu na malaria. Basi nilikuwa na watu wazima wanne wa kuniambia jambo moja, na wote wanne walitegeana.

Nilichokijua nilikijua kwa kuchungulia. Riziki, binti wa Shangazi Mejumaa, alivunja ungo akiwa darasa la saba. Aliwekwa ndani siku saba, akaimbiwa, akapakwa liwa, akatoka ameng'ara. Hakurudi shule. Kabla mwaka haujatimia alikuwa ameolewa Vanga, na mara ya pili nilipomwona alikuwa na mtoto mgongoni na hakukumbuka tena hesabu za sehemu. Mimi nilikuwa darasa la sita. Sikujua hasa ni kitu gani hutokea mwilini, lakini nilijua vizuri kabisa kinachofuata, na niliapa hakitanifuata mimi.

Basi ikanijia Alhamisi moja, likizo ya mwezi wa nane. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na miezi michache. Nilijifungia chooni nikiamini kwamba kitu kimepasuka ndani yangu na kwamba nitakufa kabla ya adhuhuri. Sikulia kwa sauti. Hata katika kufa niliona aibu.

Aliyenikuta ni Nyamvula, msichana aliyekuwa akimsaidia bibi kazi za nyumbani. Alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango, wa miaka kama kumi na tisa, aliyekuja kwetu baada ya ukame kumaliza ng'ombe wa baba yake. Kusoma hakujua. Aligonga mlango, nikakataa kufungua, akausukuma kwa bega, na alipoona alichokiona hakupiga yowe wala hakucheka. Aliniinua.

"Huumwi," aliniambia. "Hujakatika popote. Damu hii itakuja kila mwezi, itakaa siku nne au tano, kisha itakoma. Wanawake wote huwatoka. Hata bibi yako ilikuwa ikimtoka."

"Bibi?"

"Kwani bibi alishuka kutoka mbinguni?"

Alichana leso kuukuu, akanionyesha namna ya kukunja na kufunga. Akasema vitambaa vifuliwe kwa maji baridi na vianikwe juani, visifichwe chini ya godoro, maana ni jua linaloua uchafu. Akaniambia kwamba kuanzia sasa mwili wangu ungeweza kushika mimba, na hiyo haikuwa na maana kwamba mimi nataka mtoto wala kwamba mtu yeyote ana haki ya kunishika. "Akikushika mtu na wewe hutaki, piga kelele. Hata akiwa mjomba. Hata akiwa mwalimu. Umesikia?" Maneno yote hayo hayakuchukua muda wa kuchemsha birika la chai. Nimesoma mambo haya darasani kwa miaka mingi baadaye, na sijapata mwalimu aliyeyasema kwa maneno machache zaidi wala kwa ukweli zaidi.

Nilimshika mkono nikamsihi asimwambie bibi.

"Si jambo langu," akasema. "Ni lako. Utalisema mwenyewe utakapotaka."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Bibi aliniita kama kawaida: "Mwanaidi, tambuu!" Nifanye nini? Nikikataa nitaulizwa kwa nini, na jibu lilikuwa moja tu, na jibu hilo lilikuwa na siku saba za ndani na njia ya kwenda Vanga. Nikaenda. Nilichuma kwa haraka hata nikachana majani mawili. Niliporudi nilimkabidhi bibi bila kumtazama usoni, na kwa siku tatu zilizofuata nilikuwa nikijisingizia kiu ili niende kisimani kuutazama ule mti. Siku ya kwanza haukunyauka. Siku ya pili haukunyauka. Siku ya tatu niliona chipukizi mbili mpya, changa, zinapanda msufi bila wasiwasi wowote.

Hapo kitu fulani kiligeuka ndani yangu, na nitakisema wazi: nilikasirika. Nilikuwa nimekesha kwa hofu siku tatu juu ya mmea ambao haukuwa na habari nami. Siku zangu zilipokuja mara ya pili, sikwenda kwa hofu. Nilisimama chini ya msufi nikauambia, "Haya, kauka basi tuone." Nikachuma majani mazuri kuliko yote. Ukaendelea kustawi. Mara ya tatu bibi alitafuna tambuu ya asubuhi ile, akafumba macho, akasema tangu azaliwe hajapata tambuu tamu kama hizo. Nilikimbilia jikoni kucheka, na Nyamvula, aliyejua sababu, alijiziba mdomo kwa upawa.

Sitaki mtu adhani sikuheshimu lolote. Msahafu sikuthubutu kuugusa. Siku zile nilisingizia tumbo nisiende chuo cha Kurani, na hilo la tumbo halikuwa uongo mtupu. Lakini dini niliijua ina maneno yake na sababu zake, zimeandikwa, na mtu akiuliza hujibiwa. Huu mti sikujibiwa chochote juu yake. Niliambiwa tu nisiuguse.

Mwaka ule ndio uliokuwa na ile mvua kubwa ambayo watu mpaka leo huiita Elnino. Ilianza mwezi wa kumi na ikakataa kuondoka. Madaraja yalikatika, mama akakwama Diani wiki tatu, mihogo ikaoza ardhini. Nilichuma mara ya nne katikati ya mvua hiyo. Kisha, mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili, tukiwa tunajiandaa kwa harusi ya mtoto mwingine wa Shangazi Mejumaa kabla ya Ramadhani, mtambuu ulianza kugeuka rangi. Majani ya chini yakawa ya njano, yakalegea, yakaanguka. Baada ya siku nne ulikuwa unaning'inia juu ya msufi umekwisha, mweusi kuanzia chini.

Nakiri kwamba niliamini. Ujasiri wangu wote wa miezi minne uliyeyuka asubuhi moja. Nilijiambia huenda mti ulikuwa umevumilia tu, na sasa umefika mwisho wa subira yake.

Shangazi Mejumaa alikuja uani asubuhi hiyo na mwavuli wake, akautazama mti, akapiga makofi mara moja. "Umepitiwa," akasema. "Mtambuu huu umepitiwa na mwanamke."

Mwanamke gani? Haikuhitaji akili nyingi. Bibi alikuwa mzee, mambo hayo yalikwisha kumwacha zamani. Mama alikuwa Diani. Shangazi mwenyewe hakukaa pale. Mimi nilikuwa mtoto. Alibaki mmoja, naye alikuwa ameinama kwenye karo anasugua sufuria.

"Nyamvula," bibi akaita. "Njoo hapa, mwanangu. Uliugusa mtambuu?"

"Sijaugusa, bibi."

"Hata kwa kupita? Kwa kuchota maji?"

"Sijaugusa."

"Hawa watu wa nyika hawaijui miko yetu," shangazi akasema, kana kwamba Nyamvula hayupo. "Unawaweka ndani, unawalisha, wanakuharibia. Kama si yeye, nani?"

Bibi alimwuliza hivyo hivyo: "Kama si wewe, nani?"

Nyamvula alijua ni nani. Nilikuwa nimesimama mlangoni, hatua chache tu kutoka kwake, na neno moja lingetosha. Hakunitazama hata kwa kupepesa jicho. "Sijui, bibi," akasema. Bibi akashusha pumzi akamwambia basi afunge vitu vyake, arudi kwao kabla mvua haijakata barabara ya Kinango tena. Nyamvula akajifuta mikono, akaingia ndani. Nilimsikia akiikung'uta leso yake ili afungie nguo.

Aliporudi kwao wangesema nini? Msichana aliyefukuzwa kazi kwa uchafu. Hilo neno lingemfika kijijini kabla yake. Na mimi ningebaki, ningerudi shule mwezi wa kwanza, ningekuwa wa kwanza kwa hesabu. Sijui nilisimama hapo muda gani. Najua tu kwamba hofu ya Vanga na hofu ya mti zilikuwa bado zipo, zote mbili, nilipoanza kutembea.

"Ni mimi," nikasema.

Shangazi hakugeuka. "Wewe mtoto nenda ndani, watu wazima wanazungumza."

"Si mtoto. Nimevunja ungo tangu mwezi wa nane. Nimechuma tambuu mara nne nikiwa katika siku zangu. Nyamvula hajawahi hata kuugusa mti wenu."

Bibi alikuwa na tambuu kavu ya mwisho shavuni. Aliacha kutafuna.

"Mara nne?"

"Mara nne, bibi. Zile za mwezi wa kumi ulizosema hujapata tamu kama hizo ni moja katika hizo."

"Astaghfirullahi!" Shangazi alijishika kichwa. "Basi si ndio huyu! Huyu ndiye aliyeuua!"

"Kwa nini haukufa mara ya kwanza?" nikamwuliza. Sauti ilinipanda, sikuweza kuishusha, na machozi yalikuwa yakinitoka lakini si ya majuto. "Kwa nini haukufa ya pili? Niliuambia ukauke, shangazi. Niliuambia kwa mdomo wangu! Ukaota machipukizi!"

Nilingoja kofi. Bibi aliinuka, akashika fimbo yake, akenda mpaka kwenye msufi. Goti lake lilikuwa baya na ilimchukua muda kuchutama. Alitia mkono chini, penye shina, na mkono ukazama mpaka kifundo katika maji. Kuzunguka lile shina kulikuwa na tuta la udongo, limejengwa vizuri, limeshindiliwa. Alivuta mzizi. Ulikatika bila shida, mweusi, unateleza, na harufu yake tuliisikia pale tulipokuwa.

"Hili tuta nililijenga mimi," bibi akasema bila kugeuka. "Wakati wa kiangazi, maji yasikimbie. Mvua imekuja, na mimi na goti langu sikulibomoa. Na nani mwingine angelibomoa, ikiwa nimewakataza wote wasikaribie?"

"Lakini mama..." shangazi alianza.

"Mejumaa, nenda kashughulike na harusi. Tambuu utapata Likoni."

Lakini shangazi hakwenda, kwa sababu Nyamvula alitoka wakati huo, mzigo kichwani, amefunga kilemba safi. Bibi alimwambia kwa upole, "Tua mzigo, mwanangu. Yamekwisha."

"Hayajakwisha, bibi," Nyamvula akasema.

Sijawahi kumsikia mtu akimjibu bibi yangu hivyo, kabla ya siku ile wala baada yake. Hakupandisha sauti. "Mjukuu wako nilimkuta chooni akidhani anakufa. Nyumba ina mama, ina bibi, ina shangazi, ina somo, na mtoto anakufa peke yake chooni. Kuniita mchafu nimewasamehe. Hilo bado. Mkimweleza mambo haya, nitatua mzigo. Na si kesho, wala si huyo somo wake. Wewe, bibi, na hapa hapa."

Bibi alikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Alinawa matope mikononi polepole sana. Mwanamke yule alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa kijiji, na sasa alinitazama kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

"Sijui huanzia wapi," akasema. "Mimi hakuniambia mtu. Niulize basi wewe."

Nilikuwa na maswali mengi juu ya damu na juu ya miili, lakini lililotoka kwanza halikuwa hata moja kati ya hayo. "Nitatolewa shule?"

"Nani amekwambia utatolewa?"

"Riziki alitolewa."

Shangazi aligeuza uso akaanza kurekebisha buibui ambayo haikuwa na kasoro.

"Riziki hakutolewa na damu," bibi akasema. "Tulimtoa sisi. Wewe utarudi shule ikifunguliwa, na atakayekuzuia aje kwangu."

Ndipo nikauliza mengine, na akajibu yote, pale uani, mchana kweupe. Mengine aliyajibu sawasawa. Mengine aliyakosea: aliniambia nisile ndimu siku zile, na kwamba tumbo huuma kwa sababu ya kukaa kwenye sakafu baridi. Nyamvula alisimama muda wote na mzigo wake kichwani, akamsahihisha mara mbili, na bibi akakubali kusahihishwa. Bibi aliponiambia kwamba hakuna mwanamume mwenye ruhusa na mwili wangu kwa kuwa tu nimekua, Nyamvula alitua mzigo.

Sasa mimi ni muuguzi. Karibu kila wiki mama fulani huniletea binti yake wa miaka kumi au kumi na mmoja, akamsukuma mbele akisema, "Sista, mwambie wewe, mimi naona haya." Humwambia akae, tutamwambia sote wawili. Wengine hukasirika. Mmoja aliniambia namharibu mtoto kwa kumfungua macho, nikamjibu kwamba macho ya mtoto yako wazi tangu alipozaliwa. Anachokosa ni mtu wa kumweleza anachokiona. Aliondoka, akarudi mwezi uliofuata. Kwa watoto wangu mimi nilianza walipokuwa na miaka sita, wa kike na wa kiume pamoja, na jamaa zangu wakisema sina adabu huwaambia ni kweli, na kwamba sina nia ya kujifunza adabu hiyo uzeeni.

Bibi simlaumu sana. Alitoa alichokuwa nacho, na siku ile alitoa hata asichokuwa nacho. Ninachokirudia moyoni ni Nyamvula kusema "Sijui, bibi" bila kunitazama. Alikuwa radhi kurudi kwao na jina chafu kuliko kunitaja mbele ya watu, na mpaka leo sijui kama mimi ningefanya hivyo kwa mtu. Nilimshukuru kabla hajaondoka kwetu hatimaye, na nimeendelea kumshukuru. Lakini siwatakii wanangu wampate mtu kama yeye. Mtu huyo huhitajika tu katika nyumba ambayo watu wazima wote wamenyamaza, na nyumba yangu haitakuwa hiyo.